Radhi Ninayoiomba Kabla ya Mfungo

Kwa mwanangu Feruzi, uliyelala chumba cha pili huku mimi nimekaa mkekani nakuandikia. Salamu nyingi, ingawa tumeagana muda si mrefu na ukanijibu kwa miayo. Sisi hapa ni wazima. Wewe pia u mzima, nasikia unavyokoroma.

Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile alizokufundisha Mwalimu Hamisi pamoja na Kurani, maana hizi za shule ya Wadachi mkono wangu haujazizoea. Ukikwama mahali, rudia taratibu. Taa yenyewe ina moshi na mama yako kila mara anakuja kuipunguza utambi, kwa hiyo makosa mengine ni yake.

Maagizo ya safari sitayaandika. Mama yako ameshakupa yote. Blanketi lisikae chini ya sanduku, karanga usizimalize kabla ya Saranda, ukifika Tabora umwamkie shangazi yako Asha kabla hujakaa, na upepo wa alfajiri uujue kwamba hauna mchezo. Kesho stesheni atayarudia yote kuanzia mwanzo, nawe utaitikia "ndiyo, mama" kama mtu anayeyasikia mara ya kwanza. Mimi nina jambo moja tu, na kwa kuwa ni gumu kulianza nitazunguka kidogo. Univumilie, safari yenyewe ni ya kesho.

Unakwenda kukesha na moto. Gari la moshi likilala stesheni, kichwa chake hakizimwi. Lazima mtu akae nacho usiku kucha, akilishe kuni na kukitazama maji, ili asubuhi fundi akikute kina moto akiondoe. Hiyo ndiyo kazi yako Tabora. Yangu hapa Dodoma ni ndugu yake, kukesha na mtambo wa kupandisha maji ili tangi lijae kabla ya jua kutoka. Na baada ya siku sita mwezi ukiandama tunaingia kwenye mfungo. Utafunga Ramadhani yako ya kwanza katika kazi ya usiku, ugenini, ukilishwa na mkono wa mtu mwingine. Mimi niliifunga yangu ya kwanza miaka mitatu iliyopita, nyumbani kwangu mwenyewe, nikaiharibu vibaya.

Watu watakuambia una bahati. Hata mimi niliambiwa, nikaamini. Anayekesha kazini hulala mchana, njaa na kiu vinampita yuko usingizini, akifumbua macho magharibi imeshafika na futari iko tayari. Nilijiona mjanja kuliko wenzangu wote wa mjini, wale waliokuwa wakishinda juani wakipakua mizigo na midomo imewakauka. Nilikuwa nikiwapitia asubuhi natoka zamu, wao ndio kwanza wanaanza, nawaambia, "Poleni na saumu," kisha nakwenda kulala. Mungu anisamehe kwa ile pole.

Unakumbuka nyumba yetu ilivyokuwa mwezi ule. Au pengine hutaki kuukumbuka. Nilitoa amri kwamba mchana mtu asinene kwa sauti, asiburute kiti, asifukuze kuku. Mama yako alikuwa na kinu chake pale nyuma ya nyumba, na mtama hautwangiki kimyakimya, basi akaanza kujitwika mtama na mchi hadi kwa jirani, akatwanga huko kwenye jua kali, huku amefunga, na mdogo wako Tatu yuko mgongoni ananyonya kila akiamka. Mimi sikujua. Ningejuaje? Nilikuwa nimelala. Niliona unga upo, sikuuliza umetwangwa wapi.

Kila jioni kabla ya jua kuzama nilichukua kikapu nikaenda stesheni. Ndani yake mama yako aliweka vitu viwili: uji wa uwele wa kufuturia katika kibuyu, na bakuli la daku, ugali na mlenda, siku nyingine maziwa ya mgando. Futari nilikuwa naila palepale kwenye mtambo adhana ikisikika. Daku nalila usiku mkuu, tangi likiwa limefika nusu. Kwa hiyo kwa mwezi mzima mimi na mama yako hatukula pamoja hata mara moja. Hilo nalo liangalie. Kazi ya usiku inaweza kukufanya uishi nyumba moja na watu msionane, ukadhani mambo ni mazuri kwa sababu kila ukinyoosha mkono unakuta kitu.

Sasa nikutajie Danieli, ingawa unamjua na umekula kwake mara nyingi. Huyu Mkristo wa Buigiri ndiye tuliyepangwa naye zamu tangu mwanzo, yeye kwenye kuni na mimi kwenye mtambo. Danieli hana ubaya na dini ya mtu, ila ulimi wake haujui kupumzika. Usiku wa tano au wa sita wa mfungo, nilikuwa nimekwisha kula futari na naanza kusinzia, akaniuliza:

"Ndugu Juma, mchana unafanya nini?"

"Nalala. Nimefunga."

"Na usiku?"

"Usiku nakula, na nafanya kazi. Unaniona."

Akacheka hadi akaweka gogo chini. "Mchana umelala, usiku umekula. Sasa hiyo saumu unaifunga saa ngapi?"

Nilikasirika sana, Feruzi. Nikamwambia yeye asiyefunga hana la kusema. Nikamnunia hadi alfajiri. Lakini neno lilikuwa limeingia, na hasira yangu yote ya siku zile ilitoka hapo, maana nilijua amesema kweli na sikutaka kuijua.

Kuna mambo ya kazi nilijifunza nayo nikuachie, kwa kuwa nilijifunza kwa aibu. Siku za mwanzo nilifuturu kwa pupa, kibuyu kizima, na nikaongeza nusu ya daku juu yake. Tumbo likijaa hivyo mbele ya moto, usingizi hauombi ruhusa. Usiku mmoja nikalala nimeegemea nguzo, na mtambo ukaachwa bila mtu. Danieli ndiye aliyeutazama, akapandisha maji peke yake huku anarudi kwenye kuni zake, hadi karibu na alfajiri. Tangi lilipungua mikono miwili tu. Hata hivyo yule fundi Mdachi alipokuja asubuhi akapanda ngazi, akachungulia, akashuka akanifokea mbele ya vibarua na wanawake wanaochota maji, akisema mara nyingine ni viboko hamsa ishirini. Hakunipiga. Lakini unajua ilivyo mtu mzima kusimama mikono nyuma, kofia mkononi, unaambiwa mvivu kwa lugha nusunusu na watoto wanacheka. Futuru kidogo, mwanangu. Kunywa maji, kula kidogo, sali, ndipo ule tena. Hili nalo mama yako ameshakuambia, lakini hajui kwa nini mimi nalijua.

Baada ya siku ile nikabadilika nikawa mtu wa kujionyesha. Kwa kuwa Danieli aliniokoa, nikaanza kumgawia daku langu. Kila usiku namwita, "Njoo, karibu," nakata ugali katikati, nusu yake nusu yangu. Akikataa namlazimisha. Habari ikafika mjini kwamba Juma bin Feruzi anakula daku na Mkristo bakuli moja, watu wakanisifu ukarimu, nami nikapendezwa. Mwaka ule mvua zilikuwa zimekatika mapema, uwele ulinyauka shambani, na dukani unga ulikuwa wa kubahatisha. Nyumba nyingi zilikuwa zinapika mara moja. Mimi sikuingiza mkono ndani ya kihenge chetu hata siku moja kujua kuna nini. Nilikuwa nakata ugali katikati na kusifiwa.

Kisha bakuli likaanza kupungua. Mara ya kwanza nikadhani ni macho yangu. Mara ya pili lilikuwa robo pungufu. Mara ya tatu, ilikuwa kumi la mwisho, nikafunua kawa nikakuta donge la ugali la kutosha mtu mmoja mdogo, bila mlenda, bila maziwa. Danieli alikuwa amekwisha kukaa, amenawa mikono. Nikafunika. Akaniangalia, akainuka, akaenda kwenye kifurushi chake akaleta kiazi cha kuchoma. "Leo kula changu," akasema, na hakuongeza neno, yeye ambaye haishiwi maneno. Nikala kiazi chake chote. Sikumshukuru. Nilikuwa nawaza nani ameniaibisha.

Nimefika pale ninapopaogopa.

Asubuhi ile nilirudi nyumbani moyo umechafuka. Mama yako alikuwa amekwenda kuchota maji mtoni. Wewe ulikuwa barazani na ubao wako wa chuo, umejikunja kwa baridi. Ulikuwa na miaka kumi na minne, na ilikuwa mara yako ya kwanza kuazimia kufunga mwezi wote bila kuruka. Uliniamkia. "Shikamoo, baba." Sikuitikia.

Nikakuuliza, "Nani anakula daku langu?"

Ukasema, "Sijui, baba."

"Halijaota miguu. Nyumba hii ina mama yako, ina mtoto wa kunyonya, na ina wewe. Nani?"

Ukanyamaza. Nikakuuliza tena, ukanyamaza tena, umeangalia ubao. Nami nikauona ule unyamavu nikausoma vibaya, nikaona ni wa mwizi. Nikavua mkanda. Nilikupiga, Feruzi, na ulikuwa umefunga, na nilikuwa nimefunga, na kila pigo lilikuwa na sauti ya yule fundi ndani yake. Hukupiga kelele. Nikadhani ni ukaidi, nikaongeza. Kisha nikafanya lililo baya kuliko mkanda. Nikakushika mkono nikakupeleka chuoni, mbele ya wenzako wote, nikamwambia Mwalimu Hamisi, "Huyu anakula mchana kwa siri. Asihesabiwe kati ya waliofunga." Wakakucheka. Siku zilizobaki za mwezi wakawa wanakuita kwa hilo, nami nikisikia njiani nilijifanya sisikii.

Hata jioni ulipotumwa kunifungia kikapu, ulikifunga vizuri.

Siku nne baadaye mama yako alianguka mtoni. Wanawake walimkuta amekaa kwenye mchanga, amemshika Tatu, mtungi umepasuka, hawezi kusimama. Wakamleta wamemshikilia huku na huku. Mimi niliamshwa, nikatoka nimekunja uso kwa kukatishwa usingizi, ndipo nikamwona. Feruzi, nilimwona mama yako mchana, kwenye mwanga, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Mashavu yalikuwa yameingia. Mkono ulikuwa umebaki bangili. Nilisimama pale mlangoni nikashindwa hata kumwambia pole.

Bibi yako aliitwa kutoka Nkuhungu. Unamjua bibi yako, mama wa Kigogo asiyekopesha neno. Aliingia na kibuyu cha maziwa kichwani, akawaamkia watu wote kwa Kigogo, "Mbukwenyi,", akamnywesha binti yake, akamlaza. Hakuniangalia. Akaenda moja kwa moja kwenye kihenge, akatia mkono, akautoa, akaja akanionyesha kiganja. Vumbi tupu.

"Mkwe wangu," akasema, "mwanangu anakula nini nyumba hii?"

Nikasema, "Mama, kila siku wanapika. Mimi naletewa."

"Wewe unaletewa. Nakuuliza yeye."

Mama yako ndiye aliyesema, akiwa amelala, kwa sauti ndogo, na nakumbuka alianza kwa kunitetea. Alisema yeye ndiye aliyeamua. Unga ulipokuwa unaisha aliona daku lake aliongeze kwenye langu, kwa sababu mimi nakaa na moto, na kule chini kwenye reli yuko mtu aliyezimia kwa njaa akaangukia tanuri. Alinificha kwa sababu alinijua, ningekataa chakula au ningeacha kazi. Akawa anafuturu uji, na daku anakunywa maji. Akasema hivyo kama anayeeleza jinsi ya kupanga vyungu.

Bibi yako akauliza, "Na hizi siku za mwisho? Kihenge hakijaisha leo."

Mama yako akageuza uso ukutani. Ndipo akasema kwamba tangu lilipoingia kumi la mwisho hakukuwa na la kwake tena la kuweka. Lililokuwa ndani ya bakuli lilikuwa la Feruzi. Mtoto mwenyewe alikuwa analitia, kila jioni, na kumwapisha yeye asiseme, kama naye mtoto alivyokuwa amemwahidi kutosema juu ya daku la mama.

Nilikupiga kwa kuiba chakula kilichokuwa chako. Donge lile dogo nililoona aibu kumkaribisha Danieli ndilo lililokuwa limetoka kinywani mwako. Ulijua wakati mkanda unashuka, ukanyamaza, kwa kuwa ukisema ungemtaja mama yako, na ulikuwa umemwahidi.

Sasa utaniuliza nilifanya nini nilipojua. Nitakuambia, na hapa ndipo nisipojisamehe. Nilikwenda kwa Danieli nikamweleza yote, naye akanipeleka kwao Buigiri, tukapata debe la mtama kwa ndugu zake, nikalileta begani. Nilimzuia mama yako asifunge hadi apate nguvu, akazilipa siku zake baadaye. Nilikwenda kwa Mwalimu Hamisi jioni, tukiwa wawili tu, nikamwambia nilikosea. Idi nikakushonea kanzu nzuri na kofia ya kazi ya sindano, ukavaa, ukapendeza, nikashusha pumzi nikidhani imekwisha. Wenzako wa chuoni sikuwaambia kitu. Na wewe sikukuambia kitu. Baba hamwombi mtoto msamaha, ndivyo nilivyolelewa. Baba yangu alitoka bara kwa miguu na mizigo ya misafara hadi akatua Kilimatinde, alikuwa mtu mkali, na hakuna siku aliyoniambia amekosea. Nikaona ndiyo ubaba.

Haya ndiyo niliyokuwa nazungukia. Lakini sitaki uondoke na uchungu peke yake, kwa sababu nikihesabu miaka hii mitatu naona nimepewa mengi kuliko niliyoharibu, na nashukuru hadi machozi yananitoka, mama yako anadhani ni moshi wa taa.

Namshukuru yeye kwanza. Hakuninyima uso hata siku moja. Alipopata nguvu alirudisha kinu nyuma ya nyumba, akatwanga mchana kweupe karibu na dirisha nilipolala, kwa nguvu zaidi ya inavyotakiwa, na nikajua nimesamehewa. Tangu siku hiyo silali hadi magharibi. Naamka adhuhuri, nasali, namchotea maji mara moja, namshikia Tatu. Kiu nimeijua. Ni kiu hasa, mwanangu, ile ya saa tisa wakati upepo unaleta vumbi la njano na ulimi unagusa kaakaa haurudi. Nilipoionja mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Niliona nami nimefunga.

Namshukuru Danieli. Mwaka uliofuata ndiye aliyesema, "Nenda ukale daku kwako, saa moja, moto wako nautazama." Na mimi Jumapili asubuhi zamu ikiisha nabaki kumpangia kuni zake ili awahi ibada. Unakumbuka usiku ule wa kwanza nilipotokea mlangoni wakati wa daku, nanuka moshi, na wewe ukasogea mkekani kunipa nafasi bila kuambiwa? Tulikula watatu bakuli moja, Tatu amelala katikati kichwa kwenye paja lako, na mama yako akawa anasukuma minofu upande wangu nami nairudisha, hadi ukacheka. Sijapata kula chakula kitamu kama kile. Hata usiku huu Danieli yuko kwenye mtambo peke yake ili mimi nikae na wewe.

Shangazi yako Asha ni mtu mwema, lakini naye ana watoto na ana kihenge. Atakufungia kikapu. Kabla hujakichukua, mwulize amekula nini. Atasema amekula. Hilo jibu la kwanza usilikubali, wanawake wa kwetu wote wanalo moja. Mwulize tena, tazama chungu, inua kifuniko, hata akikucheka. Na mchana uamke uonekane na watu wa nyumba, uwaone. Siku moto ukikushinda na kichwa kinazunguka, fungua, Mwenyezi Mungu ana siku nyingine za kulipia, hataki uungue. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha. Kufunga ulinifundisha wewe.

Jana nilimwambia mama yako nitaandika. Akasema, "Mwambie kwa mdomo."

"Mdomo hauwezi."

"Basi andika. Utaiweka wapi?"

Nikamwambia nitaitia ndani ya sanduku, chini ya nguo, uikute ukifika Tabora. Akaacha kukunja kanzu yako, akaniangalia.

"Ili aisome wewe hupo," akasema.

Ameniweza. Nilitaka hivyo hasa. Uisome mbali, ukasirike mbali, mimi nibaki hapa nikijipongeza kwamba nimesema. Kwa hiyo siiweki ndani. Naiweka juu ya sanduku, mahali mkono wako utagusa kwanza ukiamka, na mimi nitakuwa nje barazani hadi uimalize.

Kila mwaka mfungo ukikaribia umekuja kwangu kama desturi yetu ilivyo, umenishika mkono, umesema, "Baba, niwie radhi." Mara mbili umesema hivyo tangu mwaka ule. Mara mbili nimekuitikia, "Nimekuwia radhi, mwanangu," nimekaa kitini, nimenyoosha mkono ubusiwe, kana kwamba wewe ndiye uliyenikosea. Kesho usije hivyo. Ukitoka mlangoni simama tu, mimi nitakufuata ulipo. Watakuwapo majirani wanaokuja kukuaga, atakuwapo Mwalimu Hamisi, na wawili watatu wa wale mliosoma nao chuoni, nimewaita mwenyewe. Nitasema mbele yao kwamba ulifunga mwezi ule wote, na niliyewadanganya ni mimi. Kisha nitakuomba radhi. Ukiweza kunipa, nipe. Ukiona bado ni nzito, usinipe kwa ajili ya watu wanaotazama. Panda gari, nenda kazini, nami nitangoja hata kama ni mifungo mingine mitatu. Kupanda kwako hakutegemei jibu lako. Radhi yangu unayo yote, Feruzi, tangu asubuhi ile uliponyamaza. Yako ndiyo sijawahi kuiomba.

Mimi baba yako,
Juma bin Feruzi